Jeneza la Kwenda Korogwe

Mguu wa Rehani ulianza kunuka siku ya soko, ingawa soko lenyewe halikuwapo tena. Wadachi walikuwa wamechukua ng'ombe, Waingereza walikuwa njiani kuja kuwachukua Wadachi, na watu wa Kwemsala walikuwa wamechukua vyungu vyao wakahamia porini, kila jamaa na kichaka chake. Aliyeisikia harufu kwanza ni mama yake Rehani, Bi Chausiku, ambaye macho yalikuwa yamemchoka lakini pua yake ilikuwa bado kigori.

"Hamisa," alimwita mkwewe, "muhogo umeuvundika wapi?"

"Sijavundika muhogo, mama."

"Basi mumeo anaoza."

Rehani alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ndani ya kibanda cha matawi. Akasema haozi, kinachonuka ni majani aliyofungwa na yule Mnyamwezi. Rehani alikuwa muuza tumbaku, na kuanzia Mkata hadi Korogwe alijulikana zaidi kwa ulimi kuliko kwa tumbaku. Mtu alinunua msokoto, akatukanwa kidogo kama nyongeza, akaenda zake akicheka. Asubuhi moja alipokuwa Handeni na misokoto yake, ndege ya chuma ilipita juu ya boma ikataga. Yai moja likapasukia karibu na wauza kuku, na kipande cha chuma kikamwingia Rehani. Yeye alisimulia kwamba alipigwa akiwa amesimama imara, anaitazama ndege usoni. Lakini tundu lilikuwa nyuma ya paja, na kila aliyeliona alinyamaza kwa adabu.

Asiyenyamaza alikuwa Mihayo. Huyu alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoroka kwenye mizigo ya jeshi la Wadachi, mabega yakiwa yamechubuka kama ndizi iliyosafirishwa vibaya. Aliwafikia pale porini kwa kufuata moshi wa tumbaku. Alipojua kwamba wenyeji wake ni Wazigua alikaa chini bila kukaribishwa, akachukua kiko cha Rehani mdomoni mwake Rehani, akavuta. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana, atachukua kuku wako ukimwona, na siku ya kufa kwako ndiye atakayechimba kaburi huku akiwahesabia watu aibu zako. Ukimkasirikia, hiyo hasira ni aibu kuliko tusi lenyewe. Hivyo Rehani, ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno, alipata mgeni ambaye hawezi kumfukuza.

Siku hiyo ya kwanza Mihayo aliinama akalitazama tundu, akasema, "Kitendawili."

"Tega," akajibu Bi Chausiku, ambaye kwa kitendawili angeacha hata chakula.

"Askari humpigia hodi kifuani, raia humwingia kwa mlango wa nyuma."

Bi Chausiku akacheka mpaka akashika ubavu. Risasi, alisema, na chuma cha ndege, na kila kitu kinachomkuta mtu anakimbia. Rehani akageukia ukutani, ingawa kibanda hakikuwa na ukuta.

*

Mihayo aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akabandika majani, akaosha tena. Kazi hiyo aliijua, maana tangu Moshi alikuwa akibeba majeruhi kwenye machela. Lakini siku ile ya harufu alifungua majani, akanusa, akayafunga. Kisha akamwita Hamisa kando, akamwambia uwezo wake umeishia hapo. Weusi ulikuwa umepanda kutoka kwenye tundu, na ukifika kinenani hakuna dawa. Korogwe, jirani na misheni, kulikuwa na banda la vidonda lenye mganga wa kukata na kusafisha. Mgonjwa afikishwe huko upesi.

"La sivyo," alisema, "mimi nitabaki na ile kazi yangu ya mtani."

Aliyasema hayo bila kucheka, na ndipo Hamisa aliposhikwa na hofu.

Korogwe haikuwa mbali. Ukitoka na umande, jua la alasiri linakukuta darajani. Tatizo lilikuwa wabebaji. Machela yataka mabega manne na mengine ya kupokezana, nao wanaume wote wa Kwemsala walikuwa wamejificha, maana jeshi likimkuta mwanamume mzima barabarani lilimkabidhi mzigo, akaenda nao asirudi.

Hamisa akaenda kichaka hadi kichaka kuomba. Aliondoka ameoga na amejifunga kaniki yake safi, kwa kuwa mwombaji mchafu hupewa jibu chafu. Kwa Sadala, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani kabla ya vita, aliambiwa mgongo unamsumbua. Alikuwa akiyasema hayo ameinamia gogo analolipasua. Kwa jirani wa pili, mke alisema mume wake amesafiri, na nyayo za msafiri zilikuwa zimetokeza uvunguni mwa kitanda. Hamisa akaziamkia zile nyayo, shikamoo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtu mzima. Zikajikunja. Kwa wa tatu alipewa viazi, akashukuru, akaviangalia njia nzima, kwa kuwa hata yeye alijua viazi hivyo maana yake ni usirudi tena.

Aliporudi alikaa mbele ya kibanda na viazi vyake mapajani. Hakulia. Rehani alimwuliza kutoka ndani kama watu wanakuja, naye akamwambia wanajitayarisha.

Mihayo alikaa karibu naye, akachukua kiazi kimoja, akakimenya.

"Kitendawili, shemeji."

"Leo sina moyo wa vitendawili."

"Jibu tu. Akiomba kubebwa, watu wana mgongo. Akiacha kuomba, wanagombania bega."

Hamisa akafikiri. "Maiti," alisema. Kisha akamtazama yule Mnyamwezi, naye Mnyamwezi akaendelea kula kiazi.

*

Bi Chausiku hakukubali mara moja Rehani afanywe maiti. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Mihayo akamweleza alivyopita barabara ile na mzigo kichwani, akaona wanaume wakikamatwa mashambani, wakikamatwa kisimani, na mmoja akikamatwa akiwa anaoga. Lakini jeneza likipita, askari walisimama kando, hata Mdachi mwenyewe alivua kofia. Wachukuzi wa jeneza hakuna aliyewagusa.

Bi kizee akapima maneno hayo. Mwishowe alisema kifo yeye anakijua. Si kitu kinachokuja kwa kuitwa. Kingekuwa kinaitika, yeye angekwenda zamani, kwa jinsi alivyokiita kila goti lilipomwuma.

Aliyebaki ni maiti mwenyewe. Rehani alisema heri afe kweli kuliko kuzikwa na Mnyamwezi. Mkewe akaingia, akakaa kitandani, akamwambia polepole kwamba chaguo lenyewe ndilo hilo, na asipokubali atapata yote mawili.  Rehani akauliza kama atalazimika kukaa kimya safari nzima.

"Safari nzima," alisema Hamisa.

"Hata huyu akinitukana?"

"Hapo ndipo utakapokaa kimya zaidi."

Alfajiri Bi Chausiku alitoka nje, akakohoa, akaweka mikono kichwani. Alikuwa mliaji wa kusifika. Ujana wake alikuwa akiitwa misibani mpaka Kwamsisi, na alipotoa sauti siku ile, ndege waliruka mitini na pori likaanza kutoa watu. Vita unaweza kuvikimbia. Msiba wa jirani hukimbii, maana na wewe utakufa, na hao hao ndio watakaokuzika.

Wa kwanza kufika alikuwa Sadala, mgongo umenyooka kama mwanzi, jembe begani, machozi yanamtiririka. Alijitupa miguuni pa kitanda, akamwomba marehemu msamaha kwa jambo la jana. Akasema Rehani alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mkarimu. Alikuwa na maneno matamu.

"Endelea," ikasema sauti chini ya shuka.

Sadala akaruka akatumbukia kwenye vyungu. Alipopata pumzi alikasirika sana, akasema huko ni kuichezea dini. Lakini nyuma yake walikuwa wamekwisha kufika wengine, pamoja na yule msafiri wa uvunguni, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuonekana na wenzake kwamba ana mgongo mzima na miguu mizima. Mtu anaweza kuonekana hana huruma. Kuonekana mwongo mbele ya kijiji chote ni kazi nzito zaidi. Wakashika vitanda, wakatafuta kamba.

Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Waliokuja msibani hawakuwa wazima wote. Mwaija, mke wa mhunzi, alikuja na mikono miwili imefungwa majani ya mgomba. Alikuwa akipika pangoni ili moshi usionekane na ndege, moto ukamrukia. Mzee mmoja alikuja anaburuta kisigino chenye risasi. Alikuwa amekificha tangu mwezi mwandamo, akiogopa kwamba mwenye tundu la risasi ataitwa jasusi. Binti mdogo alikuwa ameokota kitu kinachong'aa njiani, na sasa mkono mmoja ulibaki na vidole vya kushikia kijiko tu. Wengine walikuwa wamevunjika kwa kuanguka mashimoni wakikimbia. Kila kichaka kilikuwa kimeficha mtu wake, kikidhani ni chenyewe tu.

Mihayo akazunguka akiwatazama. Alisema ndivyo alivyoona njia yote kutoka Moshi. Vita vina tabia kama ya mwizi wa kijiji: aliyevunja dirisha hapa, kwa jirani pia huvunja dirisha. Mwanamke humpata mikononi, mtoto vidoleni, mzee miguuni.

"Na muuza tumbaku?" aliuliza Mwaija.

"Muuza tumbaku ameshafariki, tumsitiri."

Shuka ikatikisika.

Kwa kuwa watu walikuwa wengi, ikabidi wapangwe. Wasioweza kutembea wawekwe majenezani. Kwa hiyo mzee wa kisigino naye akafariki dunia papo hapo, akisema hajali, ila asizikwe kabla ya kula. Wanaoweza kutembea wakamatane na wazima. Wanawake wasifuate jeneza, maana askari akiwaona wanawake Waislamu wakielekea makaburini atajua kuna jambo. Wao waje nyuma, mbali, wamebeba vyungu kichwani kama waendao matangani, na Mwaija afunikwe mikono kwa kaniki. Bi Chausiku alibaki. Msiba usio na mliaji nyumbani, alisema, nani atauamini?

*

Vitanda viligeuzwa miguu juu, vikakunjiwa fito kama paa, vikafunikwa shuka ili maiti wapate hewa. Wakaingia barabara kuu ya Korogwe jua likiwa changa.

Mihayo alikwenda mbele ya jeneza la Rehani, na kwa haki ya utani akaanza kumlilia. Aliwaeleza wasafiri wote waliokutana nao kwamba marehemu alichanganya tumbaku na kinyesi cha mbuzi, na wateja waliipenda zaidi hiyo. Aliwaeleza kwamba babu yake mwenyewe alimnunua babu wa marehemu kwa kibaba cha mtama wakati wa njaa, akamrudisha kwa sababu alikula vibaba viwili. Wachukuzi walicheka mpaka jeneza likayumba. Walipokutana na kikosi cha Wadachi kinachorudi nyuma na mizigo yake, wakasimama kando ya njia wameinamisha nyuso, na kikosi kikapita. Mdachi mmoja kijana, mwenye homa machoni, akavua kofia. Wachukuzi walipoanza tena kutembea, hakuna aliyecheka kwa muda.

Ndani ya shuka Rehani alitunga majibu moja baada ya jingine, akayapanga, akayatunza. Nzi alimtembelea puani, akamwacha. Mguu ulikuwa umeacha kumwuma. Alidhani ni heri.

Darajani palikuwa na askari mmoja mtu mzima, mwenye ndevu za mvi, Mmanyema kwa matamshi yake. Alipoona majeneza aliegemeza bunduki, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akamsogeza Sadala, akaingiza bega lake mwenyewe. Kubeba jeneza hatua chache ni thawabu, na askari wa vita ana haja kubwa ya thawabu. Wakavuka daraja hivyo, askari wa Kaisari wa Wadachi ndiye mchukuzi wao.

Kwa kuwa kunyamaza ghafla kungetia shaka, Mihayo akaendelea. Akamlilia marehemu kwamba ameacha mke mzuri, na yeye, mtani, ataona tabu lakini atajitahidi kumwoa.

Jeneza likatikisika kwa nguvu.

Askari akasimama. Nyuma, wanawake wakasimama na vyungu vyao. Akauliza huyu anayetukana maiti ni nani. Wakamjibu, mtani wake. Hilo alilielewa. Akasema basi kwa kuwa yeye ana zamu na hataweza kufika kaburini, waliweke jeneza chini wamswalie hapo hapo pamoja naye.

Wote wakamtazama Sadala. Kumswalia sala ya maiti mtu anayesikia kila neno, hilo hakulisoma chuoni.

"Afande," alisema Sadala, "hajaoshwa. Maji ya kwetu yamekauka. Tunampeleka kwa jamaa zake Korogwe aoshwe. Asiyeoshwa haswaliwi."

Hilo la kuosha lilikuwa sheria kweli. Askari akafikiri, akakubali. Akawavusha mpaka ardhi ya ng'ambo, akamrudishia Sadala nafasi yake, akapitisha kiganja chake juu ya shuka kana kwamba anainyoosha.

"Maiti wenu ana joto," alisema taratibu. "Fanyeni haraka, asije akapoa."

Akarudi kwenye bunduki yake bila kutazama nyuma.

*

Banda la vidonda lilikuwa la miti na nyasi, refu, na nje yake mikeka ilienea mpaka chini ya miti. Aliyewapokea mlangoni alikuwa Dorkasi, Msambaa wa Mpale, Mkristo, mwanamke mfupi mwenye aproni na sauti ya kuitia ng'ombe. Aliwatazama mara moja wakishusha vyungu na majeneza.

"Mmetoka pori la upande wa Handeni," alisema. "Waliounguzwa na moto wa kupikia waje mkono huu. Kitambaa kimechemshwa tangu jana, nilijua mtakuja."

Alikuwa na kanuni moja, na watu wa Korogwe waliizoea. Anayepiga kelele ana pumzi, asubiri. Aliyenyamaza ndiye aingie. Kwa kanuni hiyo alimpitisha yule binti wa vidole, aliyekaa kimya anatazama ukuta, na mzee wa kisigino, aliyesahau kufufuka kwa sababu alikuwa amesinzia.

Rehani alifunuliwa shuka, akavuta hewa, akaketi kwa viwiko. Ndipo akafungua mdomo. Majibu ya siku nzima yalitoka kwa mpangilio wake, kuanzia lile la kinyesi cha mbuzi. Alimjibu Mihayo ya tumbaku, akamjibu ya mke, akamwambia hata punda wa misheni angekataa posa yake. Wagonjwa mikekani walianza kucheka. Dorkasi alipita na beseni, akasikiliza kidogo, akaonyesha mwisho wa safu.

Hamisa akamfuata. "Dada, mguu wake unanuka."

"Mama, hapa kila kitu kinanuka. Mumeo anatukana vizuri sana. Kuna wasioweza hata kuomba maji."

Alisema kweli, na Hamisa aliona kwamba ni kweli. Akarudi akakaa. Mihayo alikuwa amechuchumaa mbele ya mtani wake, anayapokea matusi kama mtu anayepokea zawadi za harusi. Rehani sasa alikuwa amefika kwa yule babu wa mtama.

"Babu yangu," alisema, "alikula vibaba viwili kwa sababu babu yako…"

Mihayo akasubiri. "Kwa sababu babu yangu nini?"

Rehani alikuwa anatazama kitu begani kwa Mihayo, na hapakuwa na kitu.

"Malizia, Mzigua." Akamtupia tusi moja dogo, kama mtu anayetupia mpira. Halikurudi. Akamtupia lile kubwa, la kukimbia ndege na kupigwa nyuma, ambalo lazima lingerudi. Midomo ya Rehani ilikuwa imekauka nyeupe.

Mihayo akasimama. Alikwenda mpaka mlangoni, akamshika Dorkasi mkono, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

"Dada. Yule mtu amenyamaza. Yule huwa hanyamazi."

Dorkasi aliweka beseni chini.

*

Mganga aliukata mguu juu ya goti, jua likiwa bado halijazama. Hamisa alikaa nje akiwa ameziba masikio, na Mwaija, ambaye mikono yake mipya ya vitambaa vyeupe haikuweza kumshika, alimwegemea kwa bega.

Kulipopambazuka Dorkasi aliwaita, akawapa kifurushi. Sadala alisema kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Kinafungwa kwa kitambaa safi na kuzikwa. Wakatazamana nani achimbe, na kabla hawajauliza Mihayo alikuwa amekwisha kuchukua jembe. Alichimba nyuma ya banda, kwa kina cha heshima. Watu walisubiri aseme neno juu ya ule mguu, maana ilikuwa haki yake. Alipomaliza alifukia, akasawazisha udongo kwa kiganja, na hakusema chochote.

Rehani aliamka adhuhuri. Alipeleka mkono chini ya shuka, akatafuta, akarudisha mkono kifuani. Hamisa alimwambia yote, kwa kuwa hakuona njia ya kumwambia nusu. Alisikiliza akitazama nyasi za paa. Hakujibu, na siku nzima ikapita hivyo, kesho yake pia. Hamisa alimlisha uji, akaumeza. Dorkasi aligusa paji la uso, akasema homa imekwisha. Kilichobaki si kazi ya mganga.

Ndipo Mihayo alipoingia, akipangusa udongo kwenye kubazi moja la ngozi, la mguu wa kulia. Akalijaribu mguuni mbele ya mgonjwa, akaligeuza huku na huku.

"Nimemzika mtu wako," alisema, "na mtani akizika huchukua kitu cha marehemu. Hili ni langu."

Rehani aligeuza kichwa. Alilitazama kubazi, akamtazama mvaaji. Sauti ilitoka ikiwa nyembamba.

"Kubazi moja utalifanyia nini, punda wewe? Una miguu miwili."

"Sina haraka," Mihayo akajibu, akaketi ukingoni mwa mkeka. "Nitakaa hapa hapa nisubiri la pili."

Rehani akafumba macho, akatafuta jibu kwa muda mrefu. Alipolipata lilikuwa baya sana, la kumhusu Mihayo na ukoo wake wote mpaka Tabora, na Hamisa, aliyekuwa akikoroga uji mlangoni, alimshukuru Mungu kwa kila neno lake.